Nitafunga Jumatatu

Wiki iliyopita, kwenye nyumba tunayojenga nje ya Calgary, Kanada, nilimkuta kijana wetu anashuka ngazi kutoka darini. Ijumaa, saa kumi jioni, glavu zimeshaingia mfukoni. Nikamwuliza kama bomba la feni ya bafu ameliunga hadi nje. Akanijibu bila wasiwasi: "Nitafunga Jumatatu, mzee."

Sikulala vizuri. Basi nawaandikia nyote mlioanza mwaka huu kazi hii ya kujenga nyumba za kuhimili baridi, wa Tanga, wa Kisumu na wa Bukavu.

1. Acheni kuanzia kwenye paneli. Mgeni akisikia "nyumba inayojitegemea", yaani isiyotegemea umeme wa gridi, huuliza paneli ngapi, betri ngapi. Uliza kwanza nyumba inapoteza joto kiasi gani usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwaka 1977 pale Regina, Saskatchewan, ilijengwa nyumba isiyo na tanuri la kupashia joto, kuta zake nene kama sentimita 30, zimeshiba insulesheni (vitu vya kuzuia joto lisitoke) na kuzibwa barabara. Mitambo yake ya jua ilikuwa ghali, tena msumbufu. Kuta na uzibaji ndivyo vilivyoleta sifa, na Wajerumani waliojenga ile ya Darmstadt miaka ya 1990, nyumba ya kwanza ya Passivhaus (nyumba inayohitaji joto kidogo mno), walijifunza kutoka huko. Nyinyi bado mnaniletea vipeperushi vya betri.

2. Upepo. Sisi tumelelewa tukiamini nyumba njema ni ile inayopitisha upepo, unafungua dirisha la mbele na la nyuma, jasho linakauka. Huku hewa ina njia moja halali, nayo ni HRV, mashine inayobadilisha hewa huku ikirudisha joto ndani. Kipimo cha Passivhaus: hewa ya nyumba ivuje na kubadilika isizidi mara 0.6 kwa saa, feni ya kupimia ikisukuma kwa shinikizo la paskali 50. Mkipata mara 2, msipige picha ya kutuma nyumbani. (Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitairudia.)

3. Nailoni, ile karatasi ya plastiki ya kuzuia mvuke wa ndani usipande darini, na kila kinachoitoboa. Hapa naomba mkae.

Majira yangu ya tatu ya baridi nilikabidhiwa dari ya nyumba moja upande wa milimani. Nailoni niliitandika vizuri, mikanda nikabana, hata fomani akanisifu. Likabaki bomba la feni ya bafu. Ilikuwa Ijumaa, vidole havinitii, kofia yake ya kwenye paa ilikuwa bado garini. Nikalilaza juu ya mbao, nikajisemea hilo neno la Jumatatu. Jumatatu nilichelewa, na nilipofika wale wa selulosi (nyuzi za karatasi za kuzuia joto) walikuwa wameshapuliza nusu mita nzima. Bomba halionekani. Ningeweza kusema. Nikanyamaza.

Familia ikahamia Novemba. Watu wanne, wanaoga, feni inafanya kazi yake kwa uaminifu: inanyonya mvuke wote na kuupeleka darini kwangu. Januari ikaja baridi kali ya wiki mbili. Mvuke ule ukaganda chini ya mbao za paa, tabaka juu ya tabaka, kama ndani ya friji ya muuza samaki. Hakuna aliyejua, maana barafu haidondoki.

Kisha ikapiga Chinook, upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani. Mnaifahamu: asubuhi masikio yanakatika, alasiri watu wanatembea na fulana. Darini mvua ikaanza kunyesha. Maji yakapita kwenye jipsamu, yakamwagikia kitanda cha mtoto.

Mwenye nyumba akanipigia: paa linavuja. Nami, kwa sauti ya mtaalamu, nikamwambia paa si kazi yangu, awaite walioezeka. Wakaja, hawakuona kitu, wakamtoza pesa. Fomani akapanda mwenyewe na tochi. Aliposhuka hakugomba, aliuliza swali moja tu: "Lile bomba linatokea wapi?" Nikasema, "Nje."

Hapo ndipo ninapoona haya hadi leo. Bomba nililisahau kwa uchovu, lakini ule uongo niliuchagua. Akanipa mifuko ya taka na koleo. Siku tatu nilikuwa juu kule natoa selulosi iliyolowa, nzito kama ugali uliolala, na yule mtoto chini ananiuliza kama nimepata samaki.

4. Betri za lithiamu zisichajiwe chini ya nyuzi 0, kwa hiyo gereji isiyo na joto si chumba chake.

5. Paneli zisimamisheni karibu na wima: jua la Desemba saa sita mchana hapa liko nyuzi 15 hivi tu juu ya upeo, na theluji huteleza yenyewe. Madirisha makubwa yaelekee kusini, na muweke kivuli cha juu. Mteja wangu mmoja alipikika Aprili huku nje kuna theluji. Mkewe alikuwa akinitumia vipimo vya sebule kila saa, mpaka nikazima simu.

6. Jiko la kuni lipewe bomba lake la hewa kutoka nje. Nyumba iliyozibwa, feni ya jikoni ikiwaka, huvuta moshi urudi ndani. Hili halina hadithi ya kuchekesha.

Yule kijana alirudi Jumamosi, peke yake, akaliunga. Nimeliona. Mkanda kaufunga upande usiofaa, lakini bomba linatoka nje. Ijumaa hii saa nne tunapanda wote kulikagua kabla selulosi haijaja. Njooni na tochi zenu.