Rejeta Baridi Iko New York, Fundi Yuko Mtwara

Simu iliita saa kumi na moja alfajiri. Januari hiyo, joto la Mtwara lile la kulala dirisha wazi na shuka umelipiga teke. Kwa mdogo wangu aliyeko New York ilikuwa saa tatu usiku, na alikuwa amevaa makoti mawili, ndani ya nyumba.

"Kaka, wewe si ulikuwa fundi wa mvuke? Hebu niangalizie hili dude."

Akageuza kamera. Nikaona chuma kizito kimesimama chini ya dirisha, mbavu mbavu, kama rejeta ya lori la zamani. Na kwa kweli ni rejeta: ya gari hutoa joto lisiue injini, hii hutoa joto ili mtu asigande.

Mimi nilikaa miaka saba kwenye boila la kiwanda cha kubangua korosho. Wasiojua: korosho ghafi hupikwa kwanza kwa mvuke ndipo ganda linakubali kubanguliwa, na maganda hayohayo ndiyo tuliyokuwa tukichoma kuchemshia maji. Nyumba ya kupashwa moto sikuwahi kuiona, huku nani apashe? Lakini mvuke ni mvuke.

Siku zangu za mwanzo kiwandani, mpiko wa kwanza wa asubuhi ulikuwa ukitoka upande mmoja umeiva, upande wa pili korosho mbichi kabisa. Nikawa naongeza moto. Mzee mmoja wa zamu akaja, hakusema neno, akafungua koki ndogo pembeni ya sufuria la kupikia korosho. Ikalia psss muda mrefu, kisha mvuke ukatoka, akafunga. Hewa iliyolala mle usiku kucha ndiyo iliyokuwa imekaa kwenye nafasi ya mvuke. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inafika karibu lita 1,700, na mzigo wote huo hauna pa kupita kama hewa haijapishwa.

Basi nikamuuliza mdogo wangu: bomba zinazoingia hapo ni ngapi? Moja. Upande wa pili, katikati ya kimo, hakuna kidude kama kidole gumba? Kipo. Kinalia? Hakilii.

Kidude hicho ndicho pumzi ya rejeta. Kikiwa baridi kinakaa wazi na kuachia hewa, mvuke ukikigusa kinajifunga chenyewe. Chake kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na rejeta, rangi juu ya rangi, miaka nenda rudi. Tundu lilishazibwa zamani.

Hapo nilipaswa kuishia. Ila fundi ukimpa simu ataongea, nami nikamwambia na ile koki ya chini, pale bomba linapoingia, aifungue nusu tu, mvuke uingie taratibu. Kiwandani ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Usiku ule hakulala: rejeta iligonga kama mtu yumo ndani na nyundo, hadi jirani wa chini akaja kubisha hodi. Kosa langu. Kwetu maji ya mvuke uliopoa yalikuwa na bomba lake la kurudia. Nyumba yake ina bomba moja, mvuke unapanda na maji yanateremka humohumo. Ukifungua nusu, maji yanashindwa kurudi, yanakutana na mvuke njiani, ndiyo makelele yale. Kwenye mfumo wa bomba moja koki hukaa wazi yote au imefungwa yote.

Kwa sababu hiyohiyo rejeta lazima iinamie kidogo upande wa koki. Pima maji hana, akalaza juu yake chupa ya soda yenye maji nusu, povu likakimbilia upande wa koki. Maana yake upande huo ndio ulioinuka. Sakafu ya mbao imebonyea. Wakasaidiana na yule jirani, wakasukumia vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa mbali, povu likahama. Usijaribu peke yako, chuma kile kinavunja mguu.

Kidude chenyewe alikifungua asubuhi, chuma kimepoa na koki imefungwa kabisa. Tafadhali, usikiguse kukiwa na mvuke, ni nyuzi 100 zile. Na kikigoma usikilazimishe, vya zamani hukatikia ndani. Chake kilitoka. Akakilaza kwenye siki usiku kucha, akakipuliza: pumzi haipiti. Akanunua kipya, akazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, akakifunga kikiwa kimesimama wima.

Aliwahi kuniuliza kama amwombe mwenye nyumba aongeze presha ya boila. Hapana. Maboila ya nyumba kama hizo kwa kawaida hayahitaji kuzidi pauni 2 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari hapa tunalijaza pauni 30. Presha haitoi hewa palipozibwa.

Lakini kama rejeta zote za jengo ni baridi, acha spana. Hiyo ni shida ya boila, na boila ni la mwenye nyumba. Mdogo wangu alikuwa akimwandikia wake kwa adabu zetu za Kusini, samahani nyingi, hajibiwi. Nikamwambia aulize sheria za huko. Kumbe zipo wazi: kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mchana nje ikishuka chini ya nyuzi 55 za kwao, sawa na 13 zetu, ndani kusipungue 68, yaani 20. Usiku kusipungue 62, kama 17 hivi. Simu ya kulalamikia ni 311.

Jioni ile alinitumia sauti tu. Psss, ndefu, halafu kimya. Mbavu za mwisho zilikuwa za moto.

Wiki iliyopita kapiga tena. Theluji nje, dirisha wazi, yeye na fulana. Anasema chumba kimekuwa Mtwara. Nikamwambia afunge ile koki ya chini. Yote.