Ukifufua dunia ya zamani ya gemu, usianze na historia yake

Nyie mnaoingia sasa kwenye kazi ya kufufua dunia za zamani za gemu za kuigiza wahusika, zile za mezani na dadu, kuna kitu kimoja kilinichukua miaka kukielewa na sitaki kiwachukue na nyie: mgeni haingii kwenye dunia yako kupitia historia, anaingia kwa kufanya kitu.

Mara ya kwanza nilichukua Dark Sun ya mwaka 1991, dunia ya jangwa ya gemu ya Dungeons & Dragons, naipenda mpaka leo, nikakaa wiki nzima naandika muhtasari wa kurasa 12, wafalme wachawi, vita vya kale, nani alimuua nani, nikawapa vijana wanne ambao hawajawahi hata kuisikia. Wakasoma vizuri tu. Tulipokaa mezani binti mmoja akaangalia karatasi ya mhusika wake akaniuliza, "Sawa, ila mimi hapa nafanya nini?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyofuata zile kurasa nikaziacha, nikaanza na kiu. Mpo jangwani, maji yamebaki ya siku moja, silaha zenu ni za mfupa maana Athas, ndo jina la dunia yenyewe ya Dark Sun, chuma ni adimu, na mchawi wenu anaweza kuwaokoa ila akivuta nguvu bila kujizuia mimea yote inayomzunguka inageuka majivu. Basi, sikuongeza neno. Yule binti ndo alikuwa mchawi, akashika dadu mkononi muda mrefu bila kuirusha, halafu akauliza, hiki kichaka kando ya kisima kikifa, wanaoishi hapa watabaki na nini? Meza nzima kimya. Yaani hapo ndo nikaona Dark Sun imefufuka, na kabla hatujaondoka akawa anadai mwenyewe kujua nani aliharibu hii dunia. Historia nikampa sasa, kwa sababu ameiomba.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote tafuta ile sheria moja inayomlazimisha mchezaji achague. Chukua dunia nyingine za gemu hiyohiyo: Planescape ya 1994 ni imani za watu kuwa na nguvu ya kubadilisha dunia yenyewe, Ravenloft, ile ya kutisha, ni ukungu usiokuruhusu kutoka. Ukiipata ilinde, mengine yote yanaweza kupunguzwa.

Na msivunje nyumba ili mgeni apate nafasi. Mwaka 2008 Forgotten Realms, dunia nyingine ya Dungeons & Dragons, ilirushwa mbele karibu miaka 100, janga la uchawi likapita, miungu na wahusika wengi wakaondoka, nia ikiwa wapya wasizidiwe na mzigo wa historia. Kwa ninavyoona mimi mgeni alibaki na mzigo uleule plus miaka 100 mingine, na wa zamani wengi wakahisi wamefukuzwa kwao. Toleo lililofuata la 2014 likarudisha mengi.

Ila kilichokuwa kibaya kibadilisheni, na msifiche kwamba mmebadilisha. Spelljammer, dunia ya meli za kichawi zinazosafiri kati ya nyota, iliporudi 2022 ilikuja na asili mpya ya hadozee, viumbe wanaofanana na nyani, eti mchawi aliwapa akili ili awauze kama jeshi, na wasomaji wakaona moja kwa moja hadithi za kibaguzi walizosimuliwa watu Weusi. Kampuni inayoichapisha, Wizards of the Coast, iliomba radhi na kuyaondoa maandishi hayo Septemba mwaka huohuo. Mi naumia nikifikiria kwamba msomaji mmoja makini kutoka nje ya timu, kabla ya kuchapa, angeweza kuliona. Athas nayo ina utumwa, sijaufuta, ila wachezaji wangu wanaanza upande wa wanaokata minyororo, na kabla ya kurusha dadu namuuliza kila mmoja nini hataki kikutane naye mezani.

Haki za umiliki ziangalieni mapema sana, kabla hamjachora hata ramani.

Wachezaji wa zamani wa hiyo dunia waiteni, wanakumbuka vitu ambavyo havimo kwenye boksi la vitabu vyake, lakini wasiwe wao wa kupima kazi. Kupima, wape kundi lisiloijua kabisa, msimulizi awe mtu mwingine, wewe kaa pembeni usijibu kitu hata wakikosea, andika tu kila wanapokwama. Swali likijirudia kwenye kundi la pili, rudi ukaandike upya huo ukurasa.