Gari Limekosa Nguvu? Pima Masega Kwanza

Kama unaendesha Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na siku hizi kila ukikuta mlima inakuwa nzito, unakanyaga mafuta mpaka mwisho lakini injini haichangamki, fundi wa kwanza atakuambia ni pampu ya mafuta. Wa pili ataitazama giaboksi kwa jicho la tamaa. Premio yangu, ile ya injini ya 1ZZ, ilibadilishwa pampu na bado ikapanda mlima wa Kitonga inajikongoja, malori ya mzigo yameniganda mgongoni. Pampu haikuwa na kosa lolote. Masega, yaani kile kifaa chenye kauri ya vitundu vitundu kinachosafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, yalikuwa yameziba.

Usisubiri taa ya injini ikuambie. Mashine ya kupimia gari ikisoma namba ya hitilafu P0420, maana yake sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega imeona hayasafishi moshi inavyotakiwa. Lakini baadhi ya gari za soko la Japani za miaka hiyo zina sensa ya mbele tu, kwa hiyo masega yanaweza kufa kimya kimya. Na hata namba hiyo ikija, chungulia kwanza viungo vya bomba la ekzosi. Ukiona masizi meusi pembeni ya gasiketi, hapo panavuja, na hewa inayoingia inaidanganya sensa.

Kipimo ninachokiamini ni cha presha. Injini ikiwa imepoa, fundi anafungua sensa ya mbele na kufunga geji kwenye tundu lake, kisha anawasha gari. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, presha isizidi psi 1.5 hivi, na kwenye mizunguko 2500 kwa dakika isizidi 3. Kwangu mshale ulipita 8, fundi mwenyewe akaachia akseleta bila kuambiwa. Kama hana geji, agonge masega kwa nyundo ya mpira: ukisikia vipande vinachezacheza ndani, kauri imeshavunjika. Harufu ya mayai viza nayo ni dalili, ila peke yake haitoshi.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoteza hela. Masega hayafi hivi hivi, kuna kitu kinayaua. Injini ikimisi kwa sababu ya plagi au koili, petroli ambayo haikuungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, joto linapanda mpaka kauri inayeyuka. Injini ikila oili, majivu yake yanayafunika. Na 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa kaboni, ringi zinaganda. Gasiketi ya silinda hedi ikipitisha maji, nayo inayamaliza. Kwa hiyo fungua plagi zote uzitazame, na pima oili kwenye dipstiki kila unapojaza mafuta. Mimi nilianza na ringi, ndipo nikagusa ekzosi.

Fundi atakushauri ayatoboe, abaki na bomba tupu. Ni kweli nguvu zitarudi. Lakini moshi utakaotoka ni mbichi, unachoma macho ukiwa kwenye foleni, na gari lenye sensa ya nyuma litawasha taa kila siku. Halafu akikuambia atakufanyia bure, jiulize kwa nini: mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa masega chakavu wanalijua hilo vizuri. Yakitolewa, ondoka nayo.

Zile dawa za kumimina kwenye tangi zinaweza kusaidia kidogo kama ni masizi tu. Kauri iliyoyeyuka haina dawa.

Ukinunua ya mtumba, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili: vitundu viwe wazi, vimenyooka, visiwe na sehemu iliyoyeyuka ikang'aa. Mengine yanauzwa yakiwa matupu kabisa, kwa nje huwezi kujua. Nati za ekzosi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, vinginevyo zitakatika. Weka gasiketi mpya. Kama lazima wachomelee, hakikisha wametoa waya wa betri na kuchomoa sensa kabla ya kuwasha mashine, maana ukiunguza kompyuta ya gari, bei ya masega utaiona ndogo.