Kabla Hujanunua Priampu, Zima Feni Usikilize

Malalamiko ya wanaorekodi nyumbani ni yale yale: sauti ya mwimbaji iko chini, nyuma yake kuna "shhh", na muuzaji dukani ameshasema dawa ni priampu mpya, kile kifaa cha kukuza umeme mdogo wa maiki. Huenda ni kweli. Lakini kwa nyumba nyingi za Mombasa, ambako dirisha likifungwa hakukaliki na feni ikizimwa mwimbaji analowa jasho kabla hajafika kwenye kiitikio, hiyo "shhh" haikutoka kwenye priampu hata kidogo.

Tuanze na hesabu. Shure SM7B ndiyo maiki inayosemwa kuliko zote kwa unyonge. Sauti ya desibeli 94, ambayo mwimbaji aliye karibu huifikia bila taabu, huifanya itoe milivolti 1.12 tu, yaani kama -57 dBu (dBu ni kipimo cha nguvu ya umeme wa sauti). Priampu zilizo ndani ya Focusrite Scarlett 2i2, intafesi inayounganisha maiki na kompyuta, zina kelele ya asili ya takriban -128 dBu. Katikati pana desibeli 71. Ukitoa 71 kwenye 94 unabaki na 23, maana yake priampu hiyo ina kelele sawa na chumba chenye ukimya wa desibeli 23. Chumba chako cha Kisauni au Majengo, feni ikizunguka, kinapita 40 kwa urahisi. Na kuna mpaka ambao pesa haziuvuki: maiki ya ohm 150, kwa joto la kawaida, ina kelele ya umeme ya karibu -131 dBu ndani yake yenyewe. Basi priampu ya bei ya gari itakuongezea desibeli 3 za ukimya, hazizidi.

Usituamini kwa maneno, pima. Nunua plagi ya XLR (ile ya pini tatu ya waya wa maiki) ya kiume na rizista ya ohm 150, kisha fundi yeyote wa redio akuchomee rizista hiyo kwa lehemu kati ya pini ya 2 na ya 3. Chomeka maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme, kama SM7B), panga geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, kama unarekodi kweli, zima fantomu (umeme ambao intafesi huutuma kwa maiki), rekodi sekunde 30 za kimya. Geini usiiguse. Chomoa maiki, chomeka ile plagi ya rizista, rekodi sekunde 30 nyingine. Pima RMS (kiwango cha wastani cha sauti) ya vipande vyote viwili. Programu ya Audacity inaifanya kazi hiyo bure. Kipande cha maiki kikizidi kile cha rizista kwa desibeli 10 au zaidi, tatizo ni chumba: hata ukipata priampu isiyo na kelele kabisa, utapunguza chini ya nusu desibeli. Vikikaribiana, priampu ina kesi ya kujibu. Maiki ya kondensa (ile inayotumia fantomu) haihitaji jaribio hili, kwa kuwa inatoa umeme mwingi na priampu haifanyi kazi ngumu.

Mngurumo mzito wa 50 Hz na 100 Hz ni habari nyingine. Chomoa chaja ya laptopu, urekodi kwa betri. Mngurumo ukinyamaza, tatizo ni stima. Katika baadhi ya nyumba kongwe za Mji wa Kale soketi ina matundu matatu, lakini nyuma yake waya wa athi, ule wa kijani na manjano, haukuunganishwa popote. Hapo aitwe fundi wa stima. Kukata pini ya athi kwenye plagi ili mngurumo uishe ni kucheza na roho yako. Mngurumo ukiendelea hata kwa betri, fungua plagi za waya wa maiki: mara nyingi pini ya 1 imeachia, kwa sababu ndiyo inayoshikilia ngao ya waya, na waya ukivutwa ndiyo inayoumia.

Sasa chumba. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu na sakafu ya vigae hurudisha kila kitu. Povu jembamba la kubandika ukutani hupunguza mlio wa juu tu, na sauti ya katikati inabaki inavuma kama mtu anaimba ndani ya pipa. Blanketi nzito za mitumba za soko la Kongowea, zikitundikwa sentimita 10 mbali na ukuta, hufanya kazi zaidi kwa pesa kidogo. Godoro la sufi likisimamishwa ni zuri zaidi. Wengi hutundika blanketi nyuma ya maiki. Maiki ya kadioidi inasikiliza mbele, inamsikia mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwake, kwa hiyo blanketi ya kwanza iende mgongoni kwa mwimbaji. Mgongo wa maiki uelekee kwenye kelele: dirisha, au feni ya kusimama kama lazima iwepo.

Kisha msogeze mwimbaji karibu na maiki. Kutoka sentimita 30 hadi 15 unapata desibeli 6 za sauti juu ya kelele ya chumba, bila shilingi. Besi itapanda kwa sababu ya ukaribu. Kata chini ya 80 Hz, kwa sauti ya kike hata 100 Hz. Weka kichujio cha "p" na "b" sentimita 5 hadi 7 mbele ya maiki. Saa nayo ni kifaa. Kunguru wa asubuhi, tuktuk na adhana havichujwi na programu yoyote. Baada ya isha hadi saa sita za usiku ndio wakati wa kurekodi kaswida au taarabu ya polepole, ambamo mwimbaji hushuka hadi kunong'ona.

Ikiwa baada ya yote bado geini inaishia mwisho na sauti iko chini, sawa, nunua. Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ina geini ya desibeli 56, ya nne ina 69, na SM7B inataka kama 60. Kwa mwenye ile ya tatu, kikuza sauti cha njiani kama FetHead (desibeli 27) au Cloudlifter CL-1 (25) kinatosha, na ni bei ndogo kuliko priampu nzima. Hivi hutumia fantomu kwa kazi yao wenyewe na haviipitishi kwa maiki, kwa hiyo visitumike na kondensa.

Priampu ya nje kama Golden Age Pre-73 hununuliwa kwa rangi ya sauti, ile ya transfoma, na geini yake inafika desibeli 80. Kosa la kawaida ni kuitoa sauti yake na kuiingiza kwenye tundu la XLR la intafesi: hapo umepita priampu mbili, na ile ya pili inavuruga. Tumia plagi ya TRS (jeki nene) ya milimita 6.35, weka ingizo la intafesi kwenye laini (line), geini ya intafesi ishushwe kabisa, urekodi kwa biti 24 sehemu ya juu kabisa ya wimbo ikigusa -10 dBFS (sifuri ndiyo kikomo cha rekodi).

Kondensa inayopasukapasuka haihitaji priampu, imeshika unyevu. Ikitoka chumba chenye eisi, iache nusu saa kabla ya kuiwasha. Ikae kwenye kontena la plastiki la mfuniko wa kubana pamoja na gramu 100 za silika jeli. Mchele usitumie, una vumbi. Shanga za rangi ya machungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uzirudishe. Pini za XLR nazo huota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi: zifute kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili.