Aliyeuliza kwa Kiswahili Ajibiwe kwa Kiswahili

Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Goma aliingia ofisini kwetu hapa Kampala akiwa na binti yake, na kabla hata hajaketi akaniambia, "Kumbe wewe ndiye yule mama wa sauti." Kwa miezi minne tulikuwa tumezungumza kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuhusu karo, hosteli na, zaidi ya yote, usalama wa mwanawe, na siku hiyo alikuja kunikabidhi binti huyo kwa mkono wake. Nimefanya kazi ya udahili wa wanafunzi chuoni kwa miaka tisa na sijapata kupewa heshima kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana ninawaandikia ninyi wenzangu mnaotafuta wanafunzi nje ya mipaka yetu.

Nilizaliwa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, na Kiswahili nilikipata sokoni nikimsaidia mama kuuza samaki wakavu. Nilipopendekeza kwamba waombaji wa Kongo wajibiwe kwa lugha hiyo, mkuu wangu wa wakati huo alinijibu mbele ya kikao kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na kwamba chuo chenye hadhi hujibu kwa Kiingereza. Maneno hayo yananiuma hadi leo, hasa nikikumbuka kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwaka uleule ambao Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Badala ya pendekezo langu ulinunuliwa mfumo wa maombi ya mtandaoni. Ulipendeza kuutazama, lakini ulimtaka kila mwombaji ajaze alama za kidato cha sita cha Uganda, na Mkongomani mwenye diplôme d'État, yaani cheti cha kumaliza sekondari cha Kongo, ambacho matokeo yake huandikwa kwa asilimia, hakuwa na mahali pa kuyaweka. Matangazo yetu yalikuwa Facebook. Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, maswali yaliendelea kuingia kutoka Juba na Bunia ilhali sisi tulio Kampala hatukuweza kuyaona bila VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Nilipoyafikia baada ya miezi mingi, nilimkuta mama mmoja aliyeuliza mara tano kama hosteli ya wasichana ina mlinzi.

Nami nina makosa yangu. Nilipopewa kazi ya kupanga usaili wa simu ya video, niliwaandikia vijana wa Goma "saa nne asubuhi" bila kukumbuka kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na wote nikawaandika kuwa hawakuhudhuria. Kijana wa Mogadishu nilimpangia Ijumaa saa saba mchana, wakati wa swala. Hakulalamika; alikwenda chuo kingine.

Wenzangu, mkitaka vijana hawa waje, wajibuni kwa lugha waliyoulizia, na kwa sauti, kwa sababu katika familia zetu anayeamua si kijana aliyejaza fomu bali baba au mjomba atakayeuza ng'ombe, na huyo hafungui tovuti, ila simu ikiwekwa katikati ya sebule atasikiliza hadi mwisho na kupima kama unamheshimu. Mwamkieni kwanza, mwulizeni habari za nyumbani, ndipo mtaje ada. Fomu zenu ziwe na nafasi ya vyeti vya kila nchi mnayoitangazia. Kila miadi itajwe kwa saa za pale alipo mwombaji. Haya hayahitaji bajeti, yanahitaji mtu anayejali, na ofisi isiyo na mtu huyo isijitangaze kuwa ya kimataifa.

Kabla ya kuondoka, mzee aliniuliza binti yake atampigia nani simu akiugua usiku. Nilimwandikia namba yangu na ya mlezi wa hosteli, ambaye pia anazungumza Kiswahili, na mzee akazipiga zote mbili palepale kuhakikisha zinaita.