Usizigeuze zile shilingi 39 kuwa pesa za leo

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo mengi kuhusu wanawake wa Uingereza waliopelekwa Australia kama wafungwa kwa wizi mdogo: meli, chakula, kazi walizopewa. Lakini ukasema pia utachukua bei ya vitu walivyoiba na kuigeuza kuwa pesa za leo, msomaji aone walivyoonewa. Usithubutu! Ushauri huohuo nilipewa na mtu aliyejiita mtaalamu. Nikajaza jedwali zima, makala yote ikaishia kutupwa. Hadi leo nina hasira naye, maana rekodi zile alizijua na jambo la msingi kabisa hakunitajia.

Ni hivi: bei iliyoandikwa kwenye hukumu mara nyingi ni ya uongo, tena wa makusudi. Kwa sheria ya wakati ule, aliyeiba ndani ya nyumba ya mtu vitu vya shilingi 40 kwenda juu adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Kuiba dukani kwa siri, shilingi 5 tu zilitosha. Sasa juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, inamwona mtumishi wa ndani yuko kizimbani kwa ajili ya shuka na vijiko vya tajiri wake. Inateremsha bei: ana hatia, ila ya shilingi 39. Wa dukani anaandikiwa shilingi 4 na peni 10. Wanapona kitanzi, wanapewa miaka 7 ng'ambo. Ndiyo maana hiyo 39 utakutana nayo kesi baada ya kesi. Ukiipigia hesabu unapima huruma ya juri, shuka hujaligusa.

Soma shtaka kwanza, hukumu baadaye. Kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, London, 1674 hadi 1913, zipo bure mtandaoni, na kesi nyingi ni fupi. Kwenye shtaka ndipo utakuta bei aliyodai mwenye mali na, muhimu zaidi, aina ya kosa.

Mtazame Mary Wade. Mwaka 1789, akiwa bado mtoto, alihukumiwa kifo kwa kumvua nguo mtoto mwenzake. Aliponea kwenye msamaha, akapakiwa kwenye meli ya Lady Juliana iliyofika Sydney Juni 1790. Juri isingeweza kumwokoa kwa kushusha bei, kwa sababu shtaka lake lilikuwa unyang'anyi, na unyang'anyi uliua hata kwa peni moja. Kwenye jedwali lako ataonekana mwizi wa gauni la bei rahisi, basi. Weka safu ya kosa kabla ya safu ya bei.