Mnaotoka kwenye brashi kuja kwenye kamera, nisikilizeni

Wadogo zangu, juzi nilikaa na vijana wanaopiga filamu fupi huku Chamwino. Wote wametokea kwenye uchoraji, kama mimi. Saa nzima wanabishana kitenge kining'inie kushoto au kulia, waigizaji wako juani. Nimerudi nyumbani roho inaniuma.

1. Jua la Dodoma la saa sita linachimba mashimo machoni mwa mtu. Pigeni kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi.

2. Maiki ivikeni manyoya. Upepo wa kiangazi hapa hauna huruma.

3. Washeni kamera kabla hamjaridhika. Filamu yangu ya kwanza nilimpata bibi mmoja wa kijijini, hajawahi kuigiza, acheze mama aliyefiwa na mwanawe. Fremu nilikuwa nimeichora wiki nzima: mlango wa tembe, kibuyu, kanga nyekundu niliyoisaka soko la Majengo siku mbili. Siku ya kupiga, kivuli cha kibuyu kikaniudhi. Nikamwambia mpiga picha asubiri, nikainama kukisogeza. Bibi alikuwa anajaribu maneno yake tu. Mara akaiacha skripti, akaingia kwenye Kigogo, akawa anaongea na mtoto wake mwenyewe, yule aliyemzika kweli. Kiganja chake kilikuwa kinapangusa kizingiti, taratibu, vumbi linatoka, anarudia palepale. Hakuna aliyekohoa. Na kamera imezimwa.

Nikasema, "Bibi, vizuri sana, sasa tuanze."

Akaniangalia. "Mjukuu wangu, si nimeshasema?"

Tulirudia mara tisa. Rangi za shoti ile watu wanazisifia mpaka leo. Mimi ikifika pale natoka nje.

4. Kuchora msiache, ila choreni usiku, nyumbani. Kurosawa, yule muongozaji filamu wa Japani, naye alianza na brashi, na fedha za filamu yake Kagemusha zilipokwama aliketi akaichora filamu kwenye karatasi, ikatoka 1980. Lakini mwangalieni alivyoanza: ameingia studio 1936 kama msaidizi, filamu yake ya kwanza kuongoza imetoka 1943. Miaka saba anawatumikia wengine! Ninyi wiki ya pili mnagombea kiti cha muongozaji.

Jumamosi nakuja tena Chamwino. Chai na maandazi nitabeba mimi. Nikikuta mtu anaongea huku kamera imezimwa, nitaiwasha mwenyewe, kitenge kikae kitakavyokaa.